Maelezo ya picha za zamani yaandikwe ndani ya faili lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalogusa karibu kila nyumba yenye albamu kabatini, nalo ni namna tunavyozihamisha picha zetu za zamani kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta na simu huku maelezo yake tukiyaacha njiani. Nimetunza kumbukumbu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na tangu nistaafu wanaonijia kuomba ushauri ni familia, vikundi vya watu waliosoma pamoja, kamati za misikiti na wazee wa makanisa, na karibu wote huanza kwa kuniuliza wanunue skana gani. Skana karibu yoyote inafaa. Kinachonisumbua mimi ni kwamba picha ikishaskaniwa hugeuka faili lisilo na jina la mtu, mahali wala mwaka, na kwamba hata pale ambapo mtu mwenye nia njema ameyaandika maelezo hayo, mara nyingi ameyaandika mahali ambapo yatabanduka siku faili litakapohamishwa.

Nianze na magazeti yenyewe, kwa sababu ndiyo yenye historia ndefu katika suala hili. Zamani picha kutoka shirika la habari ilifika chumba cha habari ikiwa na kipande cha karatasi kilichopigwa taipu na kubandikwa nyuma yake, kikieleza waliomo, mahali, tarehe, tukio na mpigapicha. Picha zilipoanza kusafiri kwa kompyuta, kile kipande cha karatasi kilikosa pa kubandikwa, na ni vyombo vya habari vyenyewe vilivyotafuta dawa. Baraza la kimataifa la mawasiliano ya vyombo vya habari, linalojulikana kwa kifupi chake IPTC, ambalo liliundwa mwaka 1965 na lina makao yake London, liliweka mwanzoni mwa miaka ya 1990 orodha ya nafasi maalumu zinazojazwa ndani ya faili la picha: nafasi ya maelezo, ya jina la mpigapicha, ya mji, ya nchi, ya tarehe na ya mwenye hakimiliki. Photoshop, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe, ilizipokea nafasi hizo katika muongo huohuo, na mwaka 2001 Adobe ikatoa mfumo mpana zaidi uitwao XMP, ambao tangu mwaka 2012 umekuwa kiwango rasmi cha shirika la kimataifa la viwango, ISO. Ile karatasi ya nyuma ya picha, basi, ilikwishapatiwa makao ndani ya faili zaidi ya miaka 30 iliyopita, na walioyadai makao hayo walikuwa wanahabari.

Ndiyo maana nashangaa ninapoona gazeti la leo limechapa picha ya miaka ya 1960 yenye watu wanane, likamtaja mmoja tu ambaye kila msomaji anamjua kwa sura, kisha likamalizia kwa maneno "Picha na Maktaba". Maktaba haipigi picha. Sisemi kwamba mhariri wa picha wa siku hizi amezembea. Mara nyingi anachopokea ni faili lililokwishapita mikono mingi, likapunguzwa ukubwa na kuhifadhiwa upya kwa programu isiyojali kilichomo ndani, hata zile nafasi zikabaki tupu. Hata hivyo, kama hali iko hivi kwa wale ambao kanuni zilitungwa kwa ajili yao, mwananchi wa kawaida aliyeshika albamu ya marehemu mama yake ana kazi kubwa zaidi.

Nichukue mfano wa picha moja niliyoletewa na familia ya hapa Tanga, ambayo imeniruhusu kuieleza bila kutaja majina. Ni picha ya studio, ukubwa wa kadi ya posta, na kingo zake zimekatwa mawimbimawimbi kama zilivyokuwa karatasi nyingi za picha za wakati ule. Mbele kuna wanaume saba, wanne wamekaa na watatu wamesimama, na nyuma yao limetundikwa pazia lililochorwa ngazi na nguzo. Ukiigeuza unakuta muhuri wa studio kwa wino wa zambarau, namba ya penseli ambayo inaelekea ni ya negativu, majina saba yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na mtu ambaye mkono wake ulizoea kalamu, na chini kabisa, kwa peni ya biki na kwa mwandiko wa mtu mwingine, maneno "Idd Mosi 1964, Ngamiani". Familia iliipeleka albamu nzima kwenye duka la steshenari ikarudishiwa flashi yenye mafaili ambayo mashine iliyapa majina ya mfululizo, na picha hii ikawa Scan0014. Hakuna hata picha moja iliyoskaniwa upande wa nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeagiza, na kijana wa dukani alilipwa kwa idadi ya picha. Tarehe pekee iliyobebwa na faili ilikuwa ya siku ya kuskani, kwa hiyo simu ya mjukuu iliipanga Idd ya mwaka 1964 katikati ya picha za harusi ya mwaka jana.

Hasara yote iliyotokea hapo ingeweza kuzuiwa kwa kuigeuza karatasi na kuiskani mara ya pili. Ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayepeleka picha dukani ni aagize pande zote mbili kwa kila picha yenye chochote nyuma, uwe muhuri, namba au mkwaruzo wa penseli usiosomeka, na kisha mafaili hayo mawili yapewe namba moja, kwa mfano TNG-0014-mbele na TNG-0014-nyuma. Namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli laini ukingoni nyuma ya picha halisi, wala si kwa peni, kwani wino wa peni hupenya au hupaka picha inayolaliana nayo. Maandishi ya nyuma ni ushahidi kwa haki yake yenyewe: mwandiko hutambulika, muhuri hutaja studio na mji, na hati za Kiarabu ambazo kijana wa leo hawezi kuzisoma atazisoma mtu mwingine Unguja, Lamu au Maskati miaka 10 ijayo, almuradi ametumiwa sura yake.

Baada ya hapo linakuja suala la maelezo yaandikwe wapi, na hapa ndipo watu wenye bidii wanapopoteza jasho lao. Wapo wanaotegemea jina la folda. Folda iitwayo "Harusi ya Baba Mdogo" inaeleweka vizuri hadi siku picha moja inapotolewa humo na kutumwa kwa binamu, na kuanzia hapo hiyo ni picha ya harusi ya mtu asiyejulikana. Wapo wanaoandika hadithi nzima katika jina la faili, nao nawaheshimu, kwani jina la faili angalau husafiri pamoja na faili kwenye flashi. Lakini jina hilo halidumu likikutana na WhatsApp, ambayo humkabidhi mpokeaji kitu kinachoitwa IMG, tarehe ya kutumwa, kisha WA0007 au namba nyingine ya aina hiyo. Tarehe inayoonekana hapo wengi huiamini kuwa ni ya picha, nayo haihusiani na picha hata kidogo.

Wengine huandika maelezo ndani ya Google Photos, wakidhani wameyaandika kwenye picha. Maneno unayoyaandika chini ya picha katika huduma ile hukaa kwenye hifadhidata ya kampuni na hayaingii ndani ya faili. Ukiomba siku moja kuzipakua picha zako zote kwa njia yao ya Takeout, utapewa picha na kando yake utitiri wa mafaili madogo ya JSON yenye maelezo yako, na kazi ya kuviunganisha tena ni yako. Wale waliotumia Picasa, programu ambayo Google iliachana nayo mwaka 2016, wana somo zuri zaidi. Maelezo waliyoyaandika chini ya picha za JPEG yaliingia ndani ya faili katika nafasi za IPTC na bado yanasomeka leo kwa programu nyingine. Majina waliyoyabandika kwenye nyuso, kwa upande mwingine, yalihifadhiwa katika kifaili kidogo kilichofichwa ndani ya folda, isipokuwa kama mwenyewe alichagua yaandikwe kwenye picha, na watu wengi waliponakili picha zao kwenda kompyuta mpya walikiacha kifaili hicho bila kujua kuwa kipo. Mtumiaji ni yuleyule, programu ni ileile, jioni ni ileile moja ya kukaa na mzee na kutaja nyuso, na nusu ya kazi imesalimika huku nusu imepotea kwa sababu ya mahali ilipoandikwa.

WhatsApp inastahili maneno zaidi, kwa kuwa kwetu sisi ndiyo posta ya picha. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa maelezo yote yaliyomo ndani yake, hata yale yaliyojazwa kwa ustadi katika nafasi za IPTC. Sababu mojawapo ina faida, kwa maana faili la simu huweza kubeba vipimo vya mahali ulipokuwa umesimama ulipopiga, na si kila mtu wa kundi anapaswa kuijua nyumba yako. Anayetaka kutuma picha ya zamani pamoja na maelezo yake aitume kama waraka, yaani kwa alama ya kuambatanisha kisha sehemu ya nyaraka, na hapo faili hufika kama lilivyotoka. Wengi hawatafanya hivyo, na hata wakifanya, wa pili kuipokea ataisambaza kwa njia ya kawaida.

Kwa sababu hiyo nimefikia msimamo ambao baadhi ya wenzangu wa fani hawaupendi. Nashauri kila picha ya zamani iwe na nakala mbili. Nakala kuu iskaniwe kwa ukubwa wote, isiguswe sura yake, na maelezo yake yajazwe ndani. Nakala ya kusambaza iongezewe ukanda mweupe chini ya picha, bila kufunika hata kidole cha mtu, na juu ya ukanda huo yaandikwe kwa herufi zinazosomeka majina, mahali, mwaka na namba ya nakala kuu. Maandishi ya ukanda ni sehemu ya picha yenyewe, kwa hiyo hakuna mtandao utakaoyavua bila mtu kuyakata kwa mkono wake. Wenzangu husema hilo linaharibu uzuri wa picha. Nawajibu kwamba uzuri umebaki katika nakala kuu, na kwamba kwenye kundi la ukoo lenye watu 200 ni heri picha yenye ukanda kuliko picha safi inayozua ubishi wa aliyesimama kulia ni nani. Kwa mtu asiye na kompyuta, mwenye simu tu, ukanda huo pamoja na picha ya upande wa nyuma vinatosha kabisa kuanzia.

Kuhusu nakala kuu, kazi ya kuandika ndani ya faili si ngumu kama inavyodhaniwa. Kwenye kompyuta ya Windows mtu hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hufungua Properties, kisha Details, na hapo atakuta nafasi za kichwa, maoni na mwandishi ambazo huandikwa ndani ya faili la JPEG lenyewe. Programu ya digiKam ni ya bure na inafungua nafasi nyingi zaidi, zikiwemo zile za IPTC. Kwa kikundi chenye mamia ya picha ipo ExifTool, kazi ya Phil Harvey inayotolewa bure tangu mwaka 2003, ambayo haina madirisha ya kupendeza na humlazimu mtu kuandika amri, lakini inaweza kusoma jedwali lililochapwa kwenye Excel na kuhifadhiwa kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ikaingiza maelezo ya kila mstari ndani ya faili linalohusika kwa mkupuo mmoja, na isipoambiwa vinginevyo huliacha faili la awali pembeni likiwa na neno "original" mwishoni mwa jina lake. Faida yake ni kwamba kazi inagawanyika: mwalimu mstaafu anachapa majina kwenye jedwali, fundi mmoja anaendesha programu, na jedwali lenyewe hubaki kuwa nakala ya pili ya maelezo yote, inayosomeka hata pasipo picha. Kuandika maelezo kwa njia hizi hakugusi sura ya picha. Kinachoipunguzia ubora JPEG ni kuifungua, kuihariri na kuihifadhi upya.

Kuhusu aina ya faili, picha zihifadhiwe katika TIFF au JPEG. Aina nyingine, PNG, ina nafasi za maandishi pia, ila programu nyingi hazizisomi kwa namna moja, na ile njia ya Windows niliyoitaja haiandiki chochote ndani yake. Mwenye maelezo ya kuandikwa kwa hati za Kiarabu atumie nafasi za XMP, ambazo hupokea maandishi ya lugha yoyote, kwa sababu nafasi nyingi za maandishi za Exif, ule mfumo ambao kamera yenyewe huutumia kuandika maelezo ndani ya faili, zilitengenezwa kwa herufi za kawaida za Kilatini peke yake hadi toleo la 3.0 la mwaka 2023, na nafasi ya maelezo katika mfumo wa kwanza wa IPTC ina kikomo cha herufi kama 2,000. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku hakuna shida hapo, hata ng' ya ng'ombe inaandikika. Kisha, kabla ya kuendelea na picha ya pili, lifanyike jaribio: faili moja lenye maelezo linakiliwe kwenye flashi, lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kwa programu nyingine, na maelezo yatafutwe. Yakionekana, kazi iendelee. Yasipoonekana, ni bora kujua ikiwa picha moja imeandikwa kuliko zikiwa 600.

Nigeukie sasa maelezo yenyewe, kwani nafasi inaweza kuwa salama na kilichoandikwa kikawa hakina faida. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni maelezo kama "Shangazi na Babu, Krismasi". Shangazi wa nani? Aliyeandika alijua, na watoto wake walijua, ila mjukuu ana mashangazi zake mwenyewe na atamtafuta kati ya hao. Mtu aandikwe kwa majina yake matatu pale yanapojulikana, kisha jina alilozoeleka kuitwa, kwani Mama Asha wa mtaa mzima huenda hakuna anayekumbuka jina alilopewa na wazazi wake, na hatimaye uhusiano wake na mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Waliomo watajwe kwa safu, waliosimama, waliokaa na waliochuchumaa, kutoka kushoto kwenda kulia kwa anayeitazama picha, na asiyetambulika atajwe kuwa hajatambulika badala ya kurukwa, maana ukimruka mmoja majina yote yanayofuata yanahamia kwa watu wasio wao. Niliwahi kuona marehemu akisomewa wasifu chini ya sura ya shemeji yake kwa sababu hiyohiyo.

Mahali paandikwe kwa jina la wakati ule na la sasa. Barabara iliyojulikana Dar es Salaam kama Acacia Avenue ilikuja kuitwa Independence Avenue na sasa ni Samora, na picha tatu za kona ileile zinaweza kuonekana kuwa za sehemu tatu tofauti. Mwaka usiojulikana usilazimishwe. Nafasi ya tarehe ya XMP inakubali mwaka peke yake bila mwezi wala siku, na panapokuwa na shaka maelezo yaseme "takriban 1964" na yaseme pia shaka hiyo imetatuliwaje: kwa muhuri wa studio, kwa gari lililopita nyuma, au kwa kauli ya mzee fulani. Tarehe ya faili inayoonyeshwa na kompyuta isitegemewe kamwe; flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT, ambao kalenda yake inaanza mwaka 1980 na haiwezi kuitambua siku yoyote iliyotangulia. Na jina la aliyesimulia liandikwe pamoja na siku aliyosimulia, kwani wazee wawili wanaweza kutofautiana na msomaji wa baadaye ana haki ya kujua anamsikiliza yupi.

Hapa nazigusa pia picha za nchi yetu zilizo ughaibuni, kwa sababu zinatufundisha namna ya kushughulika na maelezo ambayo hatukubaliani nayo. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani iliweka kwenye mtandao wa Wikimedia Commons mwaka 2008 makumi ya maelfu ya picha zake, zikiwemo za Walther Dobbertin alizopiga wakati wa utawala wa Kijerumani hapa kwetu. Picha hizo za Dobbertin zina namba zinazoanza na Bild 105-DOA, na namba hiyo imo katika jina la faili, hivyo hata ikizurura vipi mtu anaweza kurudi nayo kwenye chanzo. Maelezo ya asili ya picha za kikoloni mara nyingi humtaja Mzungu kwa jina na cheo, na waliombeba au kumpikia wakatajwa kwa kabila au kwa kazi tu. Hifadhi ile iliyaacha maneno ya asili yalivyo kwa ajili ya kumbukumbu na ikatahadharisha kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Naona wametenda sawa, na familia zetu zifanye hivyohivyo: maneno ya babu yaliyo nyuma ya picha yanakiliwe neno kwa neno pamoja na makosa yake, na masahihisho yetu yaandikwe baada yake yakiwa na jina letu na tarehe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kinachoandikwa ndani ya faili husomwa na yeyote atakayelipata, hata asiyekusudiwa. Ugomvi wa mirathi, ugonjwa wa mtu, mtoto aliyelelewa kama wa ndugu, haya hayana nafasi katika maelezo ya picha inayosambazwa, na anwani na namba za simu za watu walio hai zisiwekwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewafunga hasa wanaokusanya taarifa kwa shughuli za kitaasisi, ila adabu yake inafaa nyumbani pia. Mambo ya siri yaandikwe kwenye daftari la familia, likitaja namba ya picha.

Kwa gazeti lako nina ombi mahususi. Kila picha ya zamani mnayoichapa ichapwe na namba ya faili lake kando ya maneno "Picha na Maktaba", ili msomaji anayemtambua mtu aandike kwa kutaja namba hiyo, na sahihisho litakapothibitishwa liingizwe ndani ya faili lililoko maktabani kwenu pamoja na jina la aliyetambua. Masahihisho ninayoyaona sasa huchapwa siku ya pili kwenye kona ya ukurasa, na faili huendelea kukaa na makosa yake hadi litakapochapwa tena. Kama mtakubali kuanza, na kama maktabani mnazo, naomba zitangulie picha za Mei Mosi za mkoa wa Tanga za miaka ya 1960, kwa kuwa waliokuwa vijana katika mashamba ya mkonge wakati ule sasa wamefika miaka 80 au wameipita, na baadhi yao bado wanasomewa gazeti kila asubuhi barazani.

Wako katika kazi,

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Tanga